Saa Nane Tongaren, Saa Nane Osaka

Asubuhi naandika programu hapa Tongaren; mchana nawafundisha Wajapani Kiingereza kwa intaneti. Japani imetutangulia kwa saa 6, mwaka mzima. Sasa sikiliza: saa ya Kiswahili nayo inapishana na ya Kizungu kwa saa 6. Nikisema saa nane mchana, mshale wa mwanafunzi wangu kule Osaka uko kwenye 8, usiku!

Wajapani huchanganya r na l. Sisi Wabukusu, b na p. Nilipomweleza hivyo mwanafunzi huyo, ambaye ana mahojiano ya kazi na alikuwa akinyamaza kwa aibu, alicheka, kisha akaongea bila kusita. Stima ikapotea. Iliporudi, bado alikuwa ananisubiri.