Shilingi 1,020 kwa Kila Mtoto

Mjukuu wangu, wewe ulipoanza darasa la kwanza mlango wa shule ulikuwa wazi, kwa hiyo si rahisi kukueleza jinsi ulivyokuwa ukifungwa kwa vijipesa vidogo vidogo. Hakuna aliyeviita karo. Kulikuwa na pesa za mtihani, pesa za chaki, pesa za maji, za mlinzi, za michezo, za ujenzi, na kila muhula ulizaa jina jipya. Mzazi wa Makongeni au Shauri Moyo aliyeamkia vibarua vya Industrial Area angejikaza akalipa za mtihani, akakuta bado anadaiwa dawati. Ijumaa asubuhi mwalimu wa darasa alifungua daftari akasoma majina, na waliosomwa wakatoka kwa mstari, mabegi mgongoni, wakarudi nyumbani kufuata pesa ambazo wenyewe walijua hazipo. Wengine hawakwenda nyumbani. Ungewakuta soko la Burma wakinusa nyama choma, au kando ya reli wakihesabu mabehewa, mpaka saa za wenzao kutoka shule zitimie.

Nilianza kufundisha mwaka 1973, katika shule ya Baraza la Jiji nyuma ya Jogoo Road, na kabla ya ahadi ninayotaka kukusimulia nilikuwa nimeshuhudia nyingine mbili. Mzee Kenyatta alitangaza siku ya Jamhuri, Desemba 1973, kwamba kuanzia mwaka unaofuata darasa la kwanza hadi la nne ni bure. Watoto walimiminika. Hakuna aliyekuwa amepanga pesa za kuziba pengo lile, basi shule zikabuni ada ya ujenzi, na pengine ada hiyo ikazidi karo yenyewe iliyoondolewa. Mwaka 1979 Rais Moi akazifuta ada zilizobaki, akaleta na maziwa, yale ya pakiti za pembe nne ambazo watoto walizitoboa kwa meno. Mpaka leo nikisikia harufu ya maziwa yaliyochacha nayaona madawati ya shule yetu. Lakini mfumo wa 8-4-4 ulipokuja mwaka 1985 ulidai karakana na jiko la mafunzo, na baada ya 1988 serikali ikasema wazi kwamba gharama sasa ni za kugawana. Mzigo ukarudi kwa mama mboga na kibarua.

Ndiyo maana Mwai Kibaki alipoapishwa kuwa rais Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya barabarani, wazee wa kwetu walishangilia huku wamekunja nyuso. Walimfahamu. Kabla hajahamia Othaya mwaka 1974 alikuwa mbunge wetu sisi wa Eastlands, na katika uchaguzi wa mwaka 1969 mpinzani wake Jael Mbogo alikaribia sana kumwangusha. Kampeni zile zilipita hapa hapa Bahati, kwenye vumbi letu. Kwa hiyo aliposema elimu ya msingi itakuwa bure kuanzia Januari, jirani yangu mmoja, fundi wa reli aliyestaafu, aliniuliza swali moja tu: pesa zitatoka mfuko gani, na nani atazihesabu?

Shule zilifunguliwa Jumatatu, tarehe 6 Januari 2003. Nilifika kabla ya saa kumi na mbili na nusu nikakuta foleni imetoka langoni, imezunguka kona, imeshapita kibanda cha muuza mandazi, ambaye asubuhi hiyo alimaliza beseni lake la mandazi ya shilingi tano tano kabla hata kengele haijalia. Walikuwapo akina mama kutoka Kiambiu na Majengo, wamewavalisha watoto sweta za ndugu zao, mikono imekunjwa mara tatu. Walikuwapo nyanya wanaolea wajukuu baada ya ukimwi kuwaondoa wazazi. Alikuwapo mvulana mwenye ndevu zinazochipuka, mpakiaji wa mizigo Muthurwa, aliyekuja peke yake bila mzazi, akasema anataka kuandikishwa darasa la kwanza. Tulimwandikisha. Amri kutoka wizarani ilikuwa asifukuzwe mtoto. Kufikia Jumatano darasa langu, lililojengewa watoto 40, lilikuwa na zaidi ya 90, wengine wamekaa sakafuni, wengine madirishani, na joto la miili lilichanganyika na moshi wa mafuta ya taa uliong'ang'ania nguo zao, kiasi kwamba nilifundisha nikiwa nimesimama mlangoni. Nchi nzima ilikuwa hivyo: kutoka watoto wapatao milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja.

Waziri wa Elimu alikuwa Profesa George Saitoti, naye aliunda jopo chini ya Dkt. Eddah Gachukia kutazama jambo hili litekelezwe vipi. Lakini kilichonigusa mimi hakikuwa hotuba wala jopo. Kilikuwa waraka. Serikali iliamua kwamba kila mtoto aletewe shilingi 1,020 kwa mwaka, na waraka ukaeleza shilingi hizo zitembee vipi. Shule ilitakiwa kufungua akaunti mbili benki. Ya kwanza, tuliyozoea kuiita Simba, ilikuwa ya vitabu, madaftari, kalamu na chaki, shilingi 650 kwa kila mtoto. Ya pili ilikuwa ya matumizi ya kawaida, shilingi 370: mshahara wa mlinzi, maji, umeme, kutengeneza kufuli na vioo, nauli, michezo. Pesa za Simba hazikuruhusiwa kuvuka kwenda kulipa bili ya maji, hata bomba likatwe. Mwalimu mkuu hakuweza kutoa kitu benki kwa saini yake pekee. Halafu kulikuwa na kifungu ambacho kwangu kilishinda vyote: shule ibandike mahali pa wazi, kila mtu aone, kiasi kilichopokelewa na kilichotumika.

Piga hesabu nami. Shule ya watoto 1,000 ilipata 650,000 za vitabu na 370,000 za mengineyo. Katika maisha yangu yote ya ualimu sikuwa nimewahi kuona shule ya mtaa wetu ikishika fedha kiasi hicho kihalali, zikiwa na maandishi. Na hapo kabla, mzazi hakuwa na haki ya kuuliza. Alitoa, akapewa risiti au asipewe, akaenda zake.

Kila darasa lilitoa mzazi mmoja wa kuketi kwenye kamati ya kuchagua vitabu, pamoja na sisi walimu. Darasa la pili lilimchagua mama aliyeuza sukuma wiki karibu na lango letu. Alikuwa mwembamba, mrefu, leso kiunoni, viganja vimeiva rangi ya kijani kwa kukatakata mboga, na alitembea na penseli iliyochongwa kwa kisu imechomekwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Elimu yake iliishia darasa la tano. Jumamosi ya kwanza aliketi kimya karibu na dirisha. Tulikuwa na orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na makadirio ya bei kutoka maduka matatu ya mjini, na lengo la serikali lilikuwa kitabu kimoja kwa watoto watatu katika madarasa ya chini na kimoja kwa wawili katika madarasa ya juu. Mwalimu mwenzangu alikuwa akijumlisha kwa kikokotoo. Mama yule akainua penseli, akasema jumla kabla ya kikokotoo kuitoa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kwa nini mwenye duka la pili anatuuzia kitabu cha Hisabati kwa bei ya rejareja ilhali tunachukua zaidi ya mia mbili. Yeye akinunua gunia zima la sukuma soko la Wakulima hapewi bei ya fungu. Chumba kilinyamaza. Tulirudi kwa wauzaji wote watatu, tukapunguziwa, na kwa tofauti ile tukaongeza katoni za madaftari.

Vitabu vilipokuja, katoni zilifunguliwa ofisini mbele ya kamati. Harufu ya karatasi mpya na gundi ilienea hadi ukumbini. Watoto wa darasa la tatu walipewa wakasome watatu watatu, na niliona msichana mmoja akifunua kurasa kwa ncha za vidole, viganja ameviinua asije akaacha alama. Jioni tulibandika hesabu kwenye ubao wa matangazo: zimeingia kadhaa, zimetumika kadhaa, zimebaki kadhaa. Wazazi waliokuja kuchukua watoto walisimama pale. Asiyejua kusoma alisomewa na mwanawe. Yule fundi wa reli alikuja na miwani yake, akasoma mstari kwa mstari, akauliza kuhusu mshahara wa mlinzi, akajibiwa.

Sitaki uondoke ukidhani mambo yalinyooka. Majengo yalikuwa ya Baraza la Jiji, walimu walikuwa wa TSC, tume inayowaajiri, pesa zilikuwa za wizara, na choo kikiziba kila mmoja alisema si chake. Shilingi 370 zilitengeneza kitasa, hazikujenga darasa. Kuwatoza wazazi kulipigwa marufuku, na mimi naunga mkono marufuku ile hadi leo, ila ilituacha na watoto mara mbili na vyoo vile vile. Uajiri wa walimu wapya ulikuwa umesimamishwa tangu 1998. Anayekufa au kustaafu ndiye aliyejaziwa nafasi. Pesa zilikuja kwa awamu, na pengine muhula ulifika katikati kabla ya awamu kufika. Ndipo wazazi wenye mishahara, wa Buruburu na Umoja hasa, wakaanza kuwahamisha watoto kwenda akademi za binafsi. Siwalaumu. Lakini walipoondoka waliondoka pia na sauti zao kwenye mikutano, na shule za jiji zikabaki za wasio na pa kwenda.

Nilistaafu mwaka 2006, nilipofika miaka 55 kama sheria ilivyotaka wakati ule. Mwaka 2009 wakaguzi walipofichua kwamba pesa za elimu zilikuwa zinaliwa huko juu, na Uingereza ikasitisha msaada wake, niliumia moyo kama mtu aliyeibiwa nyumbani kwake. Ubaoni kwetu mama mboga aliweza kuikagua kila shilingi iliyoingia langoni. Shilingi iliyoliwa kabla ya kufika langoni haikuwa na ubao wake.

Shangazi yako, ambaye naye ni mwalimu, ananiambia kwamba tangu 2018 vitabu vinaletwa shuleni moja kwa moja na serikali, na watoto sasa hawagombanii kitabu kama zamani. Hilo ni jema na nalisema kwa moyo wote. Chekechea ziko chini ya kaunti tangu katiba ya 2010, na tangu 2023 jiji linawapikia watoto chakula cha mchana kwa shilingi tano, bei ya andazi la siku ile ya foleni. Mtoto aliyeshiba anafundishika. Ila nilipomuuliza shangazi yako kamati ya kuchagua vitabu inakutana lini, alisema haina tena cha kuchagua. Nikamuuliza kuhusu ubao. Akasema upo, una ratiba ya mitihani na tangazo la sare. Namsihi kila tunapoonana aandike barua kwa bodi ya shule, aombe hesabu za muhula zirudishwe pale, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili. Ameshaandika moja. Bodi inakutana mwezi ujao, na amenitaka nifike.