Jirani wa Neno

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza alitukaririsha maneno ya kufanana mawili mawili. "Borrow" ni kuazima kwa mtu, "lend" ni kumwazima mtu. Kwetu kitenzi ni kilekile: niazime kalamu, nimeazima kalamu, hakuna anayechanganyikiwa. Lakini Mwingereza huyohuyo anayemtenga mtoaji na mpokeaji hajali kinachotolewa ni nini. Kwake baiskeli ni "borrow", na kikombe cha sukari pia ni "borrow". Mama yangu hajawahi kuazima sukari maishani mwake. Sukari hukopwa, maana itakayorudishwa si ile iliyoliwa; baiskeli huazimwa, maana itarudi yenyewe, hata kama imepata pancha.

Kidato cha tano tukapata maktaba. Kamusi ya Hornby tuliiita "Oxford" tu, bila kujua kwamba ilizaliwa Tokyo mwaka 1942, kazi ya Mwingereza aliyekuwa akifundisha Wajapani. Ndiyo maana ilituhurumia wageni: pamoja na maana, ilionyesha kitenzi kinafuatwa na nini. Sisi lakini tuliipenda zaidi ile ya Roget, kwa sababu ilitoa maneno kwa rundo. Roget, daktari aliyeichapisha mwaka 1852, alipanga maneno kwa mawazo ili kumkumbusha mtu anayeyajua tayari; kuyatofautisha hakukuwa kazi yake. Mwenzetu mmoja akaokota humo neno la uzee, akaandika kwamba bibi yake ni "antique". Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Utitiri huo wa maneno ya Kiingereza una historia. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikakaa juu ya lugha ya wenyeji, na Kilatini cha wasomi kikaendelea kumimina chake. Ndiyo maana mtoto hu-"ask", wakili hu-"question", na polisi hu-"interrogate". Nasi tunayo: chakula tunakula kila siku, maakuli yanasubiri mwaliko.

Nilipoingia kwenye kazi ya tafsiri, bado nilitafuta tofauti ndani ya maana. Kilichonibadilisha ni kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, ambayo John Sinclair na wenzake wa Birmingham waliitunga kwa kuingiza mamilioni ya maneno kwenye kompyuta na kutazama kila neno linakaa na nani. Chai iliyokolea ni "strong", haiwi "powerful". Gari lenye injini ya nguvu ni "powerful". Ukipekua maana tu, hutaona kwa nini. Siku hizi kwenye skrini naliweka neno katikati, mistari mia inajipanga, na nasoma jirani zake kulia na kushoto. "Cause" imezungukwa na hasara, ucheleweshaji na maradhi. "Bring about" mara nyingi ina mabadiliko.

Kijana mmoja ofisini aliandika kwamba mradi fulani "umesababisha maendeleo". Nikakata, nikaandika "umeleta". "Mzee, kanuni yake iko wapi?" akauliza. Nikamtuma apekue magazeti ya wiki nzima atafute mwingine aliyesababisha maendeleo. Alirudi na mfano mmoja, tena wa tangazo lililotafsiriwa kutoka Kiingereza.