Moshi wa Motokari Yetu

Katika mwaka 2016 sisi wa nyumba hii, mke na mume, tulinunua motokari. Fedha zake zilitoka katika mshahara wa ualimu na katika likelemba ya mtaa wetu, na kuzikusanya kulituchukua miaka sita. Ilikuwa motokari iliyokwisha kutumika Japani, ikashushwa bandarini Dar es Salaam, ikaletwa kwa barabara hadi Bukavu. Usukani wake uko mkono wa kuume kama zilivyo nyingi za namna hiyo, ingawa kwetu Kongo twaendesha upande huo huo wa kuume. Jirani mmoja alitupa shauri moja tu: Itazameni asubuhi. Hatukulifuata.

Tulikwenda alasiri, baada ya masomo. Mwenye motokari alituambia kwamba ametoka sokoni sasa hivi, na kweli kifuniko cha mashini kilikuwa na joto. Akawasha, mashini ikaitika mara moja, na nyuma hapakuonekana moshi wowote. Tukatazama viti, tukasikiliza redio, tukasifu rangi. Tukahesabu fedha mbele ya mashahidi. Kama alijua ubaya wake au hakuujua, hata leo hatuwezi kumhukumu.

Asubuhi ya kwanza tulipoiwasha uani, likatoka wingu la buluu, zito, lenye harufu ya mafuta yaliyoungua katika sufuria. Mama wa nyumba ya pili akafunga madirisha. Watoto wetu, waliokwisha kuvaa nguo za shule ili wapelekwe kwa fahari, walisimama wakikohoa. Tulikuwa tumejifunza, lakini kwa kuchelewa, kwamba mashini yenye moto huficha siri zake. Anayetaka kununua aende alfajiri, aweke kiganja juu ya kifuniko, na akikuta joto, aage kwa heshima na kurudi siku nyingine.

Fundi wa kwanza tuliyemwendea alisikiliza kitambo kidogo, akasema: «Pistoni zimekwisha, sharti tufungue yote.» Bei aliyotaja ililingana na karo ya mwaka mzima ya watoto wetu watatu. Tulirudi nyumbani bila kusemezana. Usiku ule tulizungumza mpaka taa ikaisha mafuta: je, tuiuze kwa mwingine, alasiri, mashini ikiwa na moto? Twaungama kwamba wazo hilo lilikaa nasi muda mrefu kuliko ilivyotupasa.

Kesho yake tukamwendea fundi mzee anayefanya kazi chini ya mwembe. Huyu hakushika chombo chochote. Akauliza: «Mwalimu, moshi huo hutoka saa ngapi?» Hatukuwa na jibu. «Haya, nendeni mkautazame siku nane. Mama aandike.»

Basi Mama akaandika nyuma ya daftari la hesabu la mtoto. Asubuhi, moshi wa buluu, dakika mbili, kisha hakuna. Mchana hakuna. Kupanda mlima na mzigo, hakuna. Siku ya sita tuliteremka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola, mwendo mrefu wa kona baada ya kona, mguu umeondolewa juu ya kanyagio la mafuta. Tulipofika bondeni na kukanyaga tena, likatoka wingu lile lile la buluu, kisha likakoma.

Mzee aliposomewa hayo akacheka. Moshi wa buluu, akasema, ni mafuta ya mashini yanayoungua pamoja na esansi. Lakini yanaweza kupita njia mbili. Kama pete za pistoni zimechakaa, moshi hutoka mchana kutwa, na huzidi motokari ikipanda mlima. Ukifungua kizibo cha kutilia mafuta, utauona ukipumua hata pale. Hiyo ndiyo kazi ya kufungua mashini yote. Kumbe yetu ilikuwa njia ya pili. Juu ya mashini mna supapu, yaani vilango vidogo vya kuingiza hewa na kutoa moshi, na kila shina la supapu limevikwa kofia ndogo ya mpira ili mafuta yasiteleze kuingia ndani. Mpira ukizeeka hukauka kama ngozi ya ngoma. Usiku mafuta hudondoka tone kwa tone, ndiyo moshi wa asubuhi. Na katika mteremko mrefu mashini hunyonya kwa nguvu, ikayavuta. Kofia hizo ni za bei ndogo, na fundi stadi huzibadili bila kufungua kichwa cha mashini. Karo ya watoto ilibaki mahali pake.

Tulipoona anapenda kufundisha, tukamwuliza na rangi nyingine. Moshi mweusi ni esansi au mazuti nyingi kuliko hewa. Tutazame kwanza chujio la hewa, kwa maana vumbi la barabara zetu hulijaza upesi. Tena Bukavu iko juu, karibu meta 1,500, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja ya saba. Motokari za zamani, zisizojirekebisha zenyewe, zilizopimiwa pwani, zikifika huku hunywa kupita kiasi na kutoa masizi. Moshi mweupe wa asubuhi unaotoweka upesi ni mvuke tu. Usipotoweka, na maji ya radiatere yakipungua bila kuvuja chini, basi yanaingia ndani ya mashini kwa kizibo kilichoungua chini ya kichwa chake, na hapo usiendelee na safari. Watu husema moshi huo hunukia utamu. Ni kweli, lakini kwa wale wanaotia dawa ya radiatere. Sisi wengi hutia maji matupu, yasiyo na harufu ya kutuonya.

Mama alikuwa bado na mistari miwili katika daftari. Wa kwanza: harufu ya esansi, nyuma, kila tukijaza tangi. Tulikuwa tumechungulia chini usiku kwa taa ya petroli! Mzee alishika kichwa. Alitumia tochi, akaonyesha bomba la mpira linaloshuka kutoka mdomo wa kutilia: limepasuka upande wa juu, kwa hiyo huvuja tangi likijaa tu. Akatuamuru pia tuondoe ndani bidoni ya esansi tuliyonunua kwa kadafi wa kando ya barabara.

Mstari wa pili Mama aliusoma kama neno la kupita. Siku ya Kamanyola tulirudi na magunia ya mchele, mlango wa nyuma haukufungika, tukaufunga kwa kamba. Kitinda mimba wetu alilala juu ya magunia. Tulipofika nyumbani aliumwa kichwa, akatapika. Tulisema ni kona za Ngomo.

Mzee akaacha kucheka. «Mlango ulikuwa wazi kadiri gani?» Tukamwonyesha kwa mikono. Akaeleza kwamba motokari ikienda huvuta nyuma yake moshi wake yenyewe, na mlango ukiwa wazi moshi huingia ndani walipo watu. Tena ndani ya moshi, hata usioonekana, mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa njema tunayovuta. Mtu huumwa kichwa, husikia usingizi, hulala. «Na aliyelala,» akasema, «haombi kufunguliwa dirisha.»

Mama alilifunga daftari. Tulipofika nyumbani mtoto alikuwa akicheza mpira uani. Mama alimwita, akamshika muda mrefu, na mtoto hakujua kwa nini. Safari iliyofuata ya Kamanyola, magunia yalirudi kwa lori.