Akiba Haiozi, Lakini Kiporo?

Kiswahili hakina uchoyo wa maneno panapozungumziwa zao la mpunga. Likiwa shambani ni mpunga; likishakobolewa ni mchele; likishapikwa ni wali. Ulioshika kwenye sakafu ya chungu ni ukoko, au matandu, na uliolala hadi asubuhi ni kiporo, au mwiku. Wanafunzi wa isimu huupenda mno mfano huu, kwa kuwa unadhihirisha jinsi lugha inavyokata vipande vidogo vidogo vya maisha ya wenyewe na kuvipa majina. Hata hivyo, kiporo si leksimu tu ya kujazia mitihani. Ni chakula, na chakula huingia tumboni.

Ukilitazama neno hili kwa makini, utaona kwamba limebeba wakati ndani yake. Kiporo ni chakula kilicholala usiku na kuliwa asubuhi. Waswahili hawakusema kwamba chakula kimebaki tu. Walisema kimelala, nacho kilicholala hutarajiwa kuamka. Ndiyo maana neno hili limepanuka maana hata kazi iliyoahirishwa ikaitwa kiporo, na magazeti ya michezo ya Tanzania yakaita mechi zisizochezwa kwa wakati wake viporo. Katika matumizi hayo yote, dhana ni moja: kuna jambo lililosubirishwa, na halipaswi kusubiri daima.

Katika nyumba moja ya Kisauni, Mombasa, neno hili lilizua mvutano kati ya mavyaa na mkaza mwana wake. Mavyaa alikuwa mama wa makamo aliyeukumbuka vyema ukame wa 1984. Kwake yeye, kumwaga wali ni kufuru. Kila wali uliposalia baada ya chakula cha usiku, aliuacha papo hapo ndani ya sufuria, akaufunika, akaenda kulala. Asubuhi aliunyunyizia maji, akaupasha moto na kuwaandalia wajukuu pamoja na chai. Akiulizwa, alijibu kwa methali: akiba haiozi. Mkaza mwana, aliyekuwa amesomea mambo ya lishe, aliitazama sufuria ile kila usiku asithubutu kusema neno. Kumfundisha mavyaa jikoni mwake si jambo jepesi.

Siku moja kiporo hakikuliwa asubuhi. Kilikaa hadi saa nne hivi, ndipo mjukuu wa miaka minne akapewa. Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa akitapika mfululizo. Mavyaa alisema ni jicho, kwa kuwa jana yake mtoto alivishwa nguo mpya akapitishwa mbele za watu. Mkaza mwana alisema ni wali. Mtoto alipata nafuu jioni ile ile, lakini swali lilibaki nyumbani, nalo halikuwa swali dogo: maadamu wali ulipashwa moto hadi ukatoa mvuke, utamdhuruje mtu?

Jibu lake linapingana na imani ya wengi kwamba moto hausazi kitu. Mchele huja na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye makao yake ni udongoni. Bakteria huyu hujihifadhi katika umbo gumu liitwalo spora, nazo spora hizo hustahimili kuchemka kwa maji. Wali unapoiva, spora huwa zingali hai. Wali ukiachwa katika joto la kawaida, spora huamka, bakteria wakazaana, na baadhi yao wakatoa sumu. Sumu hiyo ya kutapisha haiharibiki kwa joto la jikoni. Unapoupasha wali moto waweza kuwaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki. Mlaji huanza kutapika baada ya muda mfupi, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa sita. Mnamo 1971 huko Uingereza, bakteria huyu alihusishwa na matukio ya watu kutapika baada ya kula wali wa kukaanga mikahawani. Wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi, wakauacha nje ya friji, kisha wakaukaanga upesi mteja alipofika. Isitoshe, wali wenye sumu hiyo waweza usinuke wala usichache. Pua iliyozoea kuamua kama chakula kimeharibika haina la kusema hapa.

Mkaza mwana hakuyasema hayo yote kwa mkupuo. Alingoja hadi jioni walipokuwa wakichagua mchele kwenye ungo, akauliza, "Mama, zamani kiporo mlikila saa ngapi?"

"Alfajiri, mwanangu. Kabla ya watoto kwenda chuoni. Jua likipanda, kiporo hukioni."

"Na wali wa nazi?"

"Wa nazi haukulazwa. Ulipelekewa jirani usiku uo huo."

Kumbe mavyaa alikuwa na sheria zake, na sheria hizo zilijua kwamba wali una saa zake. Hapana budi kukiri kwamba hazikutosha. Katika joto la Mombasa, hata usiku mmoja ndani ya sufuria ni mrefu kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, friji iwe chini ya nyuzi 5, na chakula kinachopashwa moto kifike angalau nyuzi 70 hadi ndani. Lakini mkaza mwana alipata mahali pa kuanzia. Hakumwambia mavyaa kwamba mila yake ni mbovu; alimwomba waikaze kidogo.

Tangu hapo, wali ukisalia hutandazwa kwenye sinia pana ili upoe upesi, ukafunikwa kwa kawa dhidi ya nzi. Haupozwi ndani ya sufuria, kwa kuwa rundo la wali huhifadhi joto katikati kwa saa nyingi. Kabla ya saa moja kupita hutiwa katika vyombo vidogo, ukaingia frijini. Kesho yake hunyunyiziwa maji, ukafunikwa na kukorogwa hadi wote ufuke mvuke, nao hupashwa mara moja tu. Unaobaki baada ya hapo haurudi frijini. Stima ikipotea usiku kucha, wali hautumainiwi.

Je, asiye na friji? Kwake dawa imo katika kupima. Mabibi zetu walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi. Kila nyumba ilijua inakula kiasi gani. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyelisema hili, akaanza kupunguza kipimo cha usiku. Na kinachozidi, jirani yupo.

Methali ya akiba haikukosea, ila haikutungiwa wali uliolala sufuriani. Mintarafu ya sisi tunaoshughulika na lugha, yapo ya kujifunza katika mvutano huu. Kamusi hutuambia kiporo ni nini, lakini wazee ndio wanaojua kilihifadhiwa wapi, kililiwa saa ngapi na ni wali upi usiolazwa. Tukiwauliza hayo kabla ya kuwakosoa, huenda tukapata mahali pa kuyaweka maarifa mapya bila kuwavunjia heshima. Mjukuu yule angali anapenda kiporo na chai. Sasa hukila saa moja asubuhi, kikiwa cha moto, na aliyekitoa frijini ni bibi yake.