Kadi ya Dhahabu na Mgeni Mmoja

Kadi ya uanachama wa shirika la ndege ni mkataba, ingawa wengi wetu huichukulia kuwa ni zawadi. Anayesafiri mara kwa mara na shirika moja hukusanya maili, na zikitimia kiasi kilichowekwa hupandishwa daraja. Miongoni mwa haki za daraja la juu ni kuingia ukumbi wa mapumziko wa uwanjani, maarufu kwa jina la launji, wenye viti vya kujinyoosha, chakula na utulivu.

Haki hiyo haiishii kwa shirika lililotoa kadi. Mwaka 1997 mashirika matano yaliunda umoja wa Star Alliance, ambao Ethiopian Airlines ilijiunga nao mwaka 2011. Oneworld ilifuata mwaka 1999, kisha SkyTeam mwaka 2000, na Kenya Airways imo katika huo wa mwisho. Mwanachama wa shirika moja hupokewa katika kumbi za washirika wake, lakini kwa masharti ya umoja, si kwa matakwa ya mwenye kadi.

Kaka yangu ni mfanyabiashara aendaye Guangzhou mara nyingi, naye ana kadi ya dhahabu ya Star Alliance. Mwaka jana tulimsindikiza mama Mumbai kwa matibabu ya goti, pamoja na mama mdogo. Kabla ya safari, kaka aliwaahidi wazee wote wawili kwamba saa sita za kusubiri ndege ya pili watazipitisha launji. Mlangoni mhudumu aliisoma kadi, akatutazama sote wanne, akasema kwa adabu kwamba anaingia mwenye kadi na mgeni mmoja.

Kaka alisihi. Alitaja umri wa wazee, akaonyesha mkongojo wa mama. Akaomba basi yeye abaki nje, wazee waingie kwa kadi yake. Hilo nalo halikuwezekana, kwa kuwa mgeni huingia akifuatana na mwenyeji wake, na kadi haiazimwi.

Mama mdogo akasema, "Dada, ingia wewe, goti lako ndilo linalouma."

Mama akajibu, "Nimetoka nawe nyumbani, sitakuacha kwenye benchi."

Tukarudi sote kwenye viti vya chuma, mama akanyoosha mguu juu ya begi langu.

Mhudumu yule hakuwa mkatili, alitekeleza kilichoandikwa. Mwenye kadi ya dhahabu ya Star Alliance huingia hata akiwa na tiketi ya daraja la kawaida, na mgeni wake mmoja sharti awe naye anasafiri na ndege ya umoja huo. Kadi ya fedha haifungui mlango. Aliyelipia daraja la biashara huingia, lakini bila mgeni. Marekani kuna la ajabu zaidi: mwanachama wa dhahabu wa United aliye katika safari ya ndani ya nchi tu haingii kumbi za United kwa hadhi hiyo, ilhali mwenye kadi ya dhahabu ya shirika mshirika la nje huingia. Shirika lile huuza uanachama wa kumbi zake, na mteja wake wa nyumbani hutakiwa kuununua.

Waungwana walisema ahadi ni deni. Ukarimu wa kaka ulikuwa wa kweli, lakini alikirimu kwa mali ambayo sehemu yake tu ndiyo iliyokuwa mkononi mwake. Kilichomuumiza mama si kiti cha chuma, bali kutakiwa achague kati ya goti lake na mdogo wake mbele ya mlango uliofunguka nusu.

Basi, ewe mwenye kadi, kabla hujawaahidi wazee wako, jua hadhi yako inaruhusu wageni wangapi, na kama ndege inayofuata ni ya shirika mshirika. Kwa wanaozidi idadi, ulizia mapema kama uwanja huo una ukumbi unaopokea malipo, na gharama yake iingie katika hesabu ya safari pamoja na nauli na dawa. Ukikosa, waambie wazee ukweli wangali nyumbani, wapate kuchukua mto na shuka.