Poti ya 17

Nilikuwa wiki ya sita kazini, kandarasi ya miezi mitatu, kwenye kiwanda kimoja kando ya Lunga Lunga Road. Bosi alinipa kazi rahisi: zima poti zote zisizotumika kwenye swichi. Poti iliyo wazi ni kama mlango usio na kufuli. Yeyote anaweza kuchomeka laptop yake akaingia.

Kuna swichi za kuchomeka kebo na kusahau. Hii ilikuwa ya kuamrishwa. Unaingia ndani yake, unaandika show interfaces status, inakupa orodha: poti 24, ipi iko hai, ipi imelala. Kuna na nafasi ya kuandika kila poti inaenda wapi. Aliyenitangulia hakuandika hata moja. Poti ya 17 ilikuwa imelala. Nikaipa shutdown, nikamaliza nyingine, nikaenda kula chapo madondo.

Saa kumi na mbili jioni nikasikia kelele getini.

Mashine ya vidole. Vibarua wengi hutoka Mukuru, wanafika alfajiri kusimama nje wakingoja kuchaguliwa. Ukibahatika, unaweka kidole ukiingia na ukitoka. Usipoweka wakati wa kutoka, kompyuta ya ofisi inakuhesabia nusu siku. Jioni hiyo kila kidole kilipata taa nyekundu. Mashine yenyewe ni ya bei rahisi, bila mtandao haikubali mtu.

"Asubuhi ilikuwa inafanya," soja akasema. "Mimi hung'oa tu waya ya stima wakishaingia, nichaji simu. Soketi ni moja, kijana yangu."

Tumbo likanikata. Nikakimbia ndani, nikaandika no shutdown. Taa ya poti hukaa rangi ya chungwa kama nusu dakika kabla ya kuwa kijani. Sijawahi kuona nusu dakika ndefu hivyo. Niliporudi getini, kina mama wenye watoto wadogo nyumbani walikuwa wameshaondoka.

"Hao ni nusu siku," supavaiza akasema. "Mashine inafanya, si unaona?"

Ningeweza kunyamaza. Ni swichi tu iliyojua. Huwa inaandika kila kitu, na pale kwenye poti ya 17 ilikuwa imeandika administratively down, yaani mtu aliizima kwa mkono wake. Mtu ni mimi. Nikachapisha ukurasa, nikampelekea.

Akacheka. "Hii ni ya Machi 1993!"

Kweli. Swichi ile ya Cisco, usipoiwekea saa, ikizimika inaanza upya tarehe 1 Machi 1993. Stima ilikuwa imepotea jana yake, na mimi sikuwa nimeweka saa. Mwaka huo hata sijazaliwa. Ikabidi nigeuze karatasi tupige hesabu: saa ya swichi sasa hivi ni 23:40, poti ilizimwa 16:10, tofauti ni saa saba na nusu. Sasa ni saa moja kasoro dakika kumi. Toa. Saa 5:20 asubuhi, watu wote wakiwa ndani kazini.

Alikaa kimya, kisha akauliza, "Na ni nani alizima?"

Nikamwambia.

Jumamosi walilipwa siku nzima. Mimi kandarasi iliisha, haikuongezwa. Siku ya mwisho nilijaza maelezo ya poti zote 24. Ya 17 niliandika: GETI VIDOLE USIZIME. Kisha nikaandika write memory, maana usipohifadhi, stima ikipotea inaenda na kila kitu.