Kitale na Bungoma, Nyuma ya Barabara Kuu

Kitale ni mji wa kupitia. Anayeelekea Lodwar husimama hapa kununua vyakula vya njiani. Anayepanda Mlima Elgon hulala usiku mmoja, kukicha anakimbilia lango la Chorlim. Mpenda wanyama huuliza tu njia ya kwenda Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote nchini, ambako nzohe wamehifadhiwa tangu 1974. Bungoma nayo hali ni hiyo hiyo, ila wapitaji wake ni malori ya Malaba. Wikendi moja ya Novemba nilikwenda peke yangu, bila gari wala mwenyeji, nikanuia kutotoka ndani ya miji yenyewe.

Huko kuwa peke yangu kuliwashangaza watu. Katika hoteli ndogo ya chai karibu na steji ya Kitale, mhudumu alinisubiri kwanza, kisha akauliza, "Mwenzako yuko njiani?" Nikamwambia sina mwenzangu. "Haya, basi nitakuletea chapati mbili," akasema, kwa sauti ya kumpa mtu pole.

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri yake huwapeleka walinzi wa usiku kwenye majiko ya wachoma mahindi. Novemba ni mavuno. Kila penye sakafu kavu pameanikwa mahindi: kwenye maturubai kando ya lami, kwenye varanda za maduka, hata mbele ya kanisa moja ambako waumini walikuwa wakipita pembeni, mmoja mmoja, kuyakwepa. Magunia ya kilo 90 hushushwa huku, ya gorogoro yanapimwa kule, na vumbi la makapi linatua juu ya kila kitu, chai yako ikiwemo.

Mkulima wa Kenya, hata wa Taita au Embu, ana deni na mji huu. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya kwanza nchini, 611, yaliyopatikana kwa kuoanisha mbegu iliyoboreshwa hapa hapa Kitale na nyingine iliyoletwa kutoka Ecuador. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa 1956 kuwauzia walowezi mbegu za nyasi za malisho, ikabeba kazi ya kuizalisha na kuisambaza. Kutoka ukoo huo ikaja 614, ambayo mama mmoja wa duka la pembejeo aliitetea mbele yangu kama anayemtetea mwanawe. "Hizi mpya zinakuja na kuondoka," alisema. "614 watu wanarudia." Sikuwa nimeuliza bei wala sina shamba, lakini aliniona ninasoma maandishi ya pakiti, akajua nahitaji kusaidiwa.

Jumba la makumbusho la Kitale liko upande wa barabara ya Eldoret, nawe unaweza kulifikia kwa miguu. Wengi hukumbuka waliletwa hapa na mwalimu wakiwa darasa la tano, wakaona mamba, wakala mkate, wakarudi. Mtu mzima ana sababu ya kurudi. Mkusanyo wa mwanzo ulikuwa wa Kanali Stoneham, mlowezi aliyeacha bunduki akashika wavu wa kunasia vipepeo. Alifungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na alipofariki 1966 akaiachia nchi vitu vyake. Jengo la sasa likafunguliwa 1974, la kwanza la aina yake mbali na pwani na Nairobi. Nilisimama muda mrefu mbele ya wadudu waliochomekwa sindano wakapangwa safu kwa safu. Ni kazi ya mtu mwenye subira ya ajabu. Pia ni kazi ya mtu aliyekuwa na ardhi kubwa na watu wa kuilima, ndiyo maana akapata wasaa wa kuhesabu mabawa ya nondo. Mambo yote mawili ni kweli, na sioni haja ya kuchagua moja.

Nyuma ya jengo kuna nyumba za jadi za jamii za eneo hili, halafu kijia kinachoteremka kwenye msitu wa kando ya mto. Hapa ndipo pa kwenda. Mita chache kutoka kelele za lami unasikia maji, ndege, na kima wakirushiana maneno juu ya miti ya asili ambayo zamani ilifunika sehemu kubwa ya bonde hili kabla ya jembe. Nilikutana na vijana wawili wamekaa juu ya shina lililoanguka, wanasomea mtihani. Waliniamkia, wakarudi kwenye daftari zao.

Karibu na katikati ya mji kuna klabu ya zamani ya walowezi, yenye uwanja wa gofu. Wenyeji husimulia kwamba kabla ya Wazungu, misafara ya watumwa iliyotoka upande wa Uganda ikielekea pwani ilipumzika hapa, na kwamba mawe yaliyopangwa duara ndani ya uwanja huo ni mabaki ya kituo hicho. Ukitaka kuijua Kitale vizuri zaidi, rudi mwaka 1952 na 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walipokuwa wakishtakiwa Kapenguria, kilomita 40 hivi kaskazini. Kapenguria haikuwa na pa kulala, kwa hiyo mawakili walilala Kitale na kwenda mahakamani kwa gari kila siku. D. N. Pritt alitoka Uingereza, H. O. Davies Nigeria, Chaman Lall India, na Dudley Thompson alikuwa Mjamaika. Hoteli za mji zilikuwa za Wazungu peke yao. Timu moja ya utetezi, na haikuweza hata kula meza moja humo.

Reli ilifika hapa mwaka 1926 kwa tawi linalochomoka Leseru. Jumamosi ile hakukuwa na treni. Kulikuwa na mbuzi, na fundi viatu aliyetandaza kazi yake karibu na njia ya reli. Kipsongo nilipita asubuhi, bila kutoa kamera. Ni mtaa wa mabanda ambako kwa miongo mingi zimeishi familia za Waturkana walioshushwa na ukame na wizi wa mifugo. Niliwaona wanawake wakipepeta nafaka zilizomwagika kutoka kwenye malori, punje, mchanga, punje. Katika mji wenye maghala makubwa kiasi hiki, watu wanaokusanya mahindi barabarani kwa ungo ndio habari ya kwanza, si ya mwisho.

Muulize mtu wa Kitale nyumbani kwao ni wapi, atakutajia mahali pengine. Wasabaoti waliotangulia kuyatumia malisho haya waliondolewa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba yakagawiwa askari wa Kiingereza, na wengine wakaja kutoka Afrika Kusini. Wafanyakazi wakatoka Bungoma, Kakamega, Nandi, Pokot na kwingineko. Uhuru ulipokuja, waliokuwa vibarua wakaanza kununua. Wengi wao walikuwa Wabukusu kutoka Bungoma, na siasa ya miji hii miwili imekuwa siasa ya ukoo mmoja tangu hapo. Masinde Muliro alizaliwa upande wa Kimilili, Bungoma, akawa mbunge wa Trans-Nzoia. Michael Wamalwa Kijana naye alizaliwa upande huo huo, akafa akiwa Makamu wa Rais mwaka 2003, akazikwa shambani kwake Kitale. Ndiyo sababu nilishika njia ya Bungoma: nilitaka kuona mlango waliotokea.

Matatu ilipita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu, ambako Wakweka wana shule na hospitali ya siku nyingi. Webuye hatukukaa. Kiwanda cha karatasi kilichofungwa 2009 kilikuwa kimeulisha mji huu na kuunukisha kwa pamoja, na wazee wa humo watakwambia harufu ilikuwa bora. Juu ya mji kuna vilima vya Chetambe. Hapo, mwaka 1895, Wabukusu waliokataa kusalimisha bunduki walijifungia ndani ya boma la udongo na handaki, baada ya ngome yao ya Lumboka kuanguka, wakakabiliana na jeshi la Mwingereza C. W. Hobley lililokuwa na askari wa Kisudani na bunduki ya mtombo. Makanga hakuitaja Chetambe alipotangaza vituo. Hakuna aliyeshukia huko.

Bungoma ni tambarare na ina joto zaidi, na watu wake huongea kwa sauti. "Mulembe!" alinipokea mwendesha baiskeli mmoja mwenye mto wa sponji nyuma ya kiti. Biashara hii ya kubeba watu kwa baiskeli ilianzia mpakani Busia, magharibi ya hapa, na pikipiki zimekwisha kuimeza, lakini wachache wamebaki, wakibeba zaidi mizigo na wazee wasiopenda mwendo. "Panda, mkubwa, tutafika tu." Tulifika. Reli iliyofika Kampala 1931 inapita katikati ya mji, na hapa imekuwa njia ya kila mtu: wanafunzi, wauza mayai, kuku wenye wenyewe.

Soko la Chepkube ndilo lililonishika. Kuna mitumba, samaki wakavu, simsim, njugu, wimbi, kuku wa kienyeji ndani ya matenga. Lakini mimi jina lilinifikirisha mambo ya mpakani, kule Chepkube nyingine, miteremko ya Elgon. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Uganda ya Idi Amin iliwalipa wakulima wake kwa shilingi isiyonunua kitu. Basi usiku magunia yakavuka kwa vichwa, kwa punda, kwa baiskeli, na Kenya ikauza nje kahawa ambayo haikuilima. Majumba yaliota. Magari yalinunuliwa na watu ambao hawakuwa na barabara ya kuyafikisha nyumbani. Wamugunda Geteria aliitungia riwaya biashara hiyo. Mzee mmoja muuza njugu, nilipomgusia, alicheka hadi akakohoa. "Hiyo ilikuwa miaka ya watu," akasema, asiongeze neno. Nilipoagiza kahawa hoteli ya jirani nililetewa maji ya moto na pakiti ya unga, katika kaunti inayolima arabika safi.

Jumapili nilikwenda Kanduyi, kwenye Uwanja wa Masinde Muliro, ulioandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2024. Vijana walikuwa wakicheza mpira nje ya ukuta. Usichanganye majina: kuna Masinde mwingine, Elijah, wa Maeni karibu na Kimilili. Huyo aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930, kisha akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa iliyowataka Wazungu waondoke. Wakoloni walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na baadaye wakamhamishia Lamu. Mnamo Februari 1948, polisi waliwapiga risasi wafuasi wake Malakisi na kuua 11. Uwanja una jina la mwanasiasa, na Muliro alistahili. Lakini huyu mwingine ndiye aliyekuwa mchezaji. Ningekuwa na kauli katika kaunti, ningempa angalau jukwaa moja.

Ukitaka kwenda, nenda Novemba uone mahindi, au Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu wanapowatia vijana jandoni na barabara zote kujaa njuga na nyimbo. Anza na Kitale, kisha teremka Bungoma, wala usiishie kwenye mji mmoja, kwa maana nusu ya maelezo yake iko kwenye mwingine. Matatu kati ya miji hiyo huondoka zikijaa, hazina ratiba. Chukua kiti cha dirishani, na ukifika Webuye angalia juu.